Ukanda Mweusi Machoni

"Kazi ya nani hii?" aliuliza mwanaume mmoja, akiinua santuri mezani petu, sokoni Camden, London.

"Yangu!" Glenys alijibu kwa maringo, akitikisa nywele zake za kijani.

Jalada lilikuwa la kipanki hasa, kama muziki wetu wa fujo: herufi zilizokatwa magazetini zimebandikwa upogoupogo, na picha ya fotokopi ya askari kanzu akimtwanga mwandamanaji kwa rungu. Glenys aliyaziba macho ya askari huyo kwa ukanda mweusi, kama tufanyavyo sote watengeneza majalada.

"Usihofu, mzee, hajulikani huyo," nikatania.

Hakucheka. Nikautazama mkono wa rungu pichani. Haukuwa na kidole cha mwisho.

"Na picha kapiga nani?"

Glavu ya mwanaume yule iliikamata santuri, kidole cha mwisho kimebonyea, kitupu. Nikamkanyaga Glenys mguu anyamaze, lakini alikuwa keshafungua mdomo.