Kipande cha Kandambili

Spika zilipiga yowe kwa mara ya tatu, na wageni wa harusi wakaziba masikio.

"Kaka Tindwa, mashine zako hizo zinanichukia!" Shehoza alisema kwenye maikrofoni, gitaa mapajani. Watu wakacheka.

Tindwa, fundi sauti, hakucheka. Alijua kosa lilipo. Tundu la gitaa lilikuwa wazi, na sauti ya spika ilikuwa ikiingia humo na kurudi ilikotoka. Dawa yake ilikuwa mfukoni mwake: kipande cha kandambili alichokikata mviringo miaka tisa iliyopita, alipokuwa yeye mpiga gitaa wa bendi hii, kabla ya Shehoza.

"Tindwa mwanangu, usituaibishe," mama wa bibi harusi alimwambia.

Alipanda jukwaani, akakishindilia kipande kwenye tundu, akarudi kwenye mitambo. Shehoza akapiga. Kila uzi ulisikika peke yake, hadi nyuma ya turubai, ambako wapishi waliacha kukoroga. Gitaa la Tindwa halikuwahi kulia hivyo, hata kwa kipande hichohicho.

Vidole vya Tindwa vilishika kidude cha kupandishia sauti. Robo mzunguko tu, na yowe lingerudi. Shehoza alifumba macho, akaanza ubeti wa pili.