Mrija Usiokatika

"Damu ikishamwagika ni ya Mungu, Sista. Hata ikiwa yangu."

Dorkasi alisema hivyo akiwa macho juu ya meza ya upasuaji, ganzi kiunoni, mtoto bado tumboni, damu ikimwishia. Mkunga Zawena alikuwa amewazoea wanaokataa, kwa imani yao, kuongezewa damu ya watu. Anayeikataa hata ya kwake hakuwahi kumwona. Akamwonyesha mrija uliofyonza damu tumboni, ukapitia kwenye mashine ya kuisafisha, ukarudi mpaka kwenye mshipa wa mkono wa Dorkasi.

"Haujakatika popote?"

"Hakuna popote, mama."

Dorkasi aliufuata kwa macho taratibu, kama mtu anayetafuta bomba linapovuja, kisha akaushika. Ulikuwa na uvuguvugu.

"Basi haijamwagika. Imezunguka tu. Fungua inirudie."

Damu ikaanza kumrudia. Muda si muda mtoto akatolewa, akalia, na daktari akampa Zawena mkasi. Zawena alikuwa amekata vitovu vya nusu ya mji ule bila kuwaza. Leo aliinama akakitazama kitovu kinavyodunda kati ya mama na mwana, nacho bado hakijakatika popote, mkasi wazi mkononi.

"Na huyu, mama," akajikuta anauliza, "ameshatoka?"