Sahani Moja

Kwenye uwanja wa ndege walimwonya Mwanaidi: kula popote upendapo, ila sahani moja ule na mumeo tu. Katika jiji lile meza za hoteli zilikuwa na macho, na waliokula sahani moja waliandikwa papo hapo kuwa mtu na mkewe. Sahani ya mwisho ndiyo iliyohesabika, ikafuta ndoa iliyoitangulia.

Siku ya nne mumewe, Shaibu, alikwenda hospitali kutibiwa, naye Mwanaidi akaenda kula peke yake. Wali na samaki vilipoletwa, mzee mmoja akaja kusimama kando ya meza. Mdomo wa Mwanaidi ukaitangulia akili.

"Karibu chakula, baba."

Kwao mtu hujibu amekwisha shiba, akaenda zake. Huyu alivuta kiti, akamega samaki, akatafuna taratibu. Meza ikawaka taa ya kijani.

"Nawasubirigi watu wa kwenu," alisema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Hamwezi kula huku mtu amesimama."

Simu ikalia. Alikuwa Shaibu, anahema.

"Mama Nasra, nimerudi chumbani, mlango umenikataa. Mlango unasema mwenye chumba yuko na wewe, mnakula."

Mzee akajipangusa vidole.

"Maliza, mke wangu. Twende nyumbani."