Ziada ya Elfu Sita

"Kwa Kiswahili, bonyeza mbili," simu ilisema kwa mara ya nne, na Nafula akabonyeza kwa nguvu hadi kidole kikamuuma.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya madam wake, mtaa wa Al Wukair huko Qatar, aproni bado kiunoni. Nusu saa yake ya kula ilikuwa inaishia hapo.

Akiba yake ya uzeeni kule Kenya ilikuwa imezidi. Kiwango cha mwisho ni elfu kumi kwa mwezi, na yeye hulipa hiyo elfu kumi, basi. Lakini tangu mwezi wa nne zinaingia elfu kumi na sita. Miezi mitano, elfu thelathini. Asipoidai ziada leo kabla ya saa kumi, itafungiwa humo mpaka afikishe miaka sitini. Nafula ana ishirini na saba.

Na hizo pesa alishazipangia: ampeleke Mama kwa daktari mkubwa wa presha, Eldoret. Hajamwambia mtu.

"Githinji hapa, nikusaidie vipi?"

"Ni mimi tena, kaka. Nafula wa Qatar."

"Ah, dada. Fomu yako imerudishwa. Sahihi haifanani."

"Haifanani na ya nani?"

"Na yako."

Nafula alifumba macho. Ndani, madam aliita. Hakuitika.

"Kaka, kosa ni la mtambo wenu. Mnanikata kupita kiasi."

"Hapana. Hizo sita hazitoki kwenye simu yako. Kuna mtu anakulipia, na huyo ndiye anatakiwa kukubali zirudi." Githinji alisoma polepole. "Phoebe Nekesa."

Phoebe ni mdogo wake, anayekaa na Mama kijijini. Na elfu sita ndizo hela za dawa za Mama, anazomtumia kila tarehe tano.

Alikata, akampigia.

"Phoebe! Hela za dawa unazipeleka wapi?"

Kuku walisikika upande wa pili.

"Wamekuambia?"

"Kila nikikuuliza, 'Mama anashukuru, Mama anakusalimia.' Kumbe hata kidonge humnunulii!"

"Sijala hata shilingi, dada. Zote niliweka kwa akiba yako."

"Nani alikutuma? Mimi uzee wangu una haraka gani? Mgonjwa ni Mama! Mpe simu. Leo usiniambie yuko shambani, mpe simu nimwombe msamaha mwenyewe."

Phoebe alianza kulia.

"Baba alikataza tukwambie kabla mkataba wako wa kazi uishe, alisema utatoroka ukamatwe. Na wewe ukazidi kutuma. Ningezila aje, dada? Mama tulimzika mwezi wa tatu."