Hukumu ya Maji Safi

Bwawani palikuwa na desturi moja: wadogo hunywa maji baada ya Tembo kuoga na kuyatibua. Matope hayo yalimuulia Mama Digidigi watoto wawili. Akashtaki, akashinda. Hakimu Kobe alisoma kurasa arobaini kwamba kila kiumbe anywe maji safi, na vigelegele vikapigwa.

Kesho yake Digidigi alimpeleka bwawani mwanawe aliyebaki, hukumu ikining'inia shingoni. Tembo alikuwa majini.

“Hongera, mama. Nasikia imeandikwa vizuri mno,” alisema, akaendelea kujisugua.

Digidigi akarudi nyuma ya foleni, akamkuta Kobe.

“Mheshimiwa! Hata wewe unangoja matope?”

“Punguza sauti, asitusikie. Mimi kazi yangu kuandika. Kumwambia atoke, nani ataweza?”

Digidigi alipogeuka, mwanawe, kule ukingoni, alikuwa ameshainama, anakunywa.