Chupa ya Shahidi

"Leo sikupi mkono, mwanangu," alisema mwenye kituo cha mafuta, mikono yote miwili kaificha mgongoni. "Usidhani nina kiburi. Nimeisugua mikono hii kwa sabuni mpaka ngozi inauma, na bado siiamini."

Mpimaji wa maji ya ardhini alitabasamu, akashusha sanduku lake. Mtaa mzima ulimwita mzee huyu Bwana Mkono, maana ukimpitia hata mara kumi kwa siku, zote kumi atakushika mkono na kuutikisa. Leo kajikunyata kama mtoto aliyevunja sahani. Na kumwona hivyo ilikuwa raha, tusifichane.

Mzee alikuwa akimsubiri nyuma ya jengo, penye vishimo vya kupimia. Kule mbele, dada wa pampu alikuwa keshamtania mpimaji: pikipiki hii miaka yote inapita hapa bila kununua hata tone, leo imekuwaje? Mpimaji alicheka tu, akajaza tangi mwenyewe mpaka petroli ikamwagikia vidoleni. Dada akaona basi, hasira za binti zimekwisha.

Na nani asingekasirika? Tangi la mzee lilivuja chini kwa chini, na kisima cha jirani hakikuwa mbali. Jirani mwenyewe ni mama yake mpimaji. Mara tatu binti alichota maji kwenye vishimo akayapeleka maabara, na mara zote majibu yalitupwa kwa sababu ya chupa ya shahidi. Chupa hiyo hutoka maabara na maji safi, hufunguliwa kidogo kando ya kishimo, kisha hurudishwa. Ikirudi na petroli, inahesabiwa kuwa uchafu umetoka kwa mchotaji, si ardhini, na kesi imekufa. Siku ya kwanza binti mwenyewe ndiye aliyemweleza mzee haya yote, kwa adabu zake. Wakubwa wakamwona mzembe. Mama akaendelea kunywa, damu ikaharibika, wakamzika.

Binti alikuja kujua sababu msibani. Bwana Mkono alitoka kazini moja kwa moja kuja kutoa pole, akamshika mkono, akaubana, akautikisa. Baadaye binti alipopeleka tonge mdomoni, lilinuka petroli. Akabaki kalishika, akikumbuka jinsi alivyopokewa kituoni kila safari, kwa mkono ule ule, kabla hata hajafungua sanduku. Mtu mzima hovyo! Hakumwambia yeyote. Malipo ni hapa hapa duniani, na duniani bado walikuwapo wote wawili.

Sasa mambo yaligeuka. Ofisi ilichoka na visingizio: chupa ya shahidi ikichafuka tena, kituo kinafungwa moja kwa moja. Mzee alipoona maji yamemfika shingoni, alifukua tangi bovu, akaweka jipya, akalipia mashine ikavuta maji machafu mpaka yakaisha.

"Chota taratibu, mwanangu," alisihi. "Ukoo mzima unakula hapa."

"Nitachota inavyotakiwa, baba."

Alivaa glavu mpya, akazamisha kikopo kwenye kishimo cha kwanza, akanusa. Safi. Cha pili safi. Hata cha mwisho, kinachoelekea kwa marehemu mama, kilikuwa safi kabisa. Kumbe siku zote iliwezekana!

Mzee hakunusa chochote, pua yake ilishakufa kwa petroli zamani. Alikuwa akimsoma usoni tu.

"Vipi?"

"Maji yako yametakata, baba. Bado shahidi."

Mzee alifumba macho akashukuru. Mpimaji alivua glavu, akasema zinateleza kwenye kifuniko.

"Vua tu," mzee alimwambia. "Mikono yako sina wasiwasi nayo."

Aliifungua chupa, akaupangusa mdomo wake kwa vidole, nje na ndani, bila haraka. Akaifunga, akaiweka kwenye barafu pamoja na nyingine. Kisha akamnyooshea mzee mkono wa kulia, ule ule uliojaza pikipiki.

"Haya, baba. Sasa tunaweza kupeana mkono."