Dakika Ishirini kwa Kila Kisiwa

"Fungua kamba!" meneja alifoka, na boti ikaachana na gati la kisiwa cha kwanza. Mhasibu alionekana kwa mbali akitoka msalani bila haraka yoyote, begi refu la nguo limening'inia begani.

"Bosi, mhasibu yule pale anakuja," alisema dereva wa ofisi.

"Namwona. Na yeye saa anayo. Ishirini ni ishirini."

Meneja akakaa, akapandisha suruali kiunoni, akaridhika na nafsi yake. Katika tawi lile dogo la bima alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kusifiwa, kwa hiyo alijisifu mwenyewe. Ziara hii ya kutembelea visiwa vinne vya bandarini aliibuni yeye ili kuwatia watu wake adabu ya muda, na akaiweka Jumamosi, maana siku ya kazi hakutaka kuipoteza.

Tangazo lake lilikaa ukutani wiki nzima. Kila kisiwa dakika ishirini. Atakayechelewa ataachwa, na Jumatatu atakuta barua ya onyo mezani. Barua ya tatu ni kwaheri. Mhasibu na dereva hawakuwa na hata moja, lakini karani alikuwa nazo mbili, zote za kuchelewa kazini.

Huyo karani ndiye aliyetia huruma. Alikuwa ameomba ruhusa ya Jumamosi hiyo hiyo. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Bosi, Jumamosi ile nina..."

"Una safari ya ofisi," meneja akamkata kauli.

Mara ya pili alijaza fomu. Penye sababu aliandika: mambo ya familia. Fomu ilirudi na wino mwekundu: familia ni Jumapili.

Karani akanywea. Hata maandalizi yote aliyafanya yeye. Alitafuta boti, akapatana na nahodha, akapiga chapa ratiba ya dakika kwa dakika. Meneja aliisoma mara mbili, akakosa kosa, akaumia kidogo.

"Unaona?" alimwambia. "Kumbe ukitaka unaweza."

Nahodha mwenyewe alikuwa kioja. Jua linachoma, yeye kafunga koti la mvua mpaka kidevuni, na kila maji yaliporuka aliruka nayo, asije akalowa miguu. Meneja alimfundisha namna ya kuendesha boti tangu walipotoka mjini, na kila somo lilijibiwa, "Sawa, bosi."

Kisiwa cha pili kilikuwa na maghala mabovu na ndege wengi. Meneja alimaliza kukiona kwa dakika tatu, kumi na saba zilizobaki akazitumia kutazama saa yake. Dereva, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuchelewa popote, aliingia mitini nyuma ya ghala, akaonekana akichuma maua.

"Tumsubiri kidogo, bosi," karani aliomba. "Ana watoto yule."

"Angewakumbuka kabla ya kwenda kuchuma maua."

Wakaondoka. Nyuma yao kiboti cha buluu kilikuwa kinaelekea kwenye gati walilotoka, kama kilivyofanya kule kisiwa cha kwanza.

"Wavuvi hao," alieleza meneja, ambaye hakuna kitu asichokijua.

Kisiwa cha tatu ndicho kilichokuwa na watu. Kilikuwa na nyumba, shule moja, na uwanja ambapo wanaume wanne walikuwa wanapanga viti chini ya turubai.

"Hebu ona," meneja alicheka. "Saa saba na nusu ndiyo kwanza wanapanga viti. Mkutano wenyewe saa ngapi?"

"Saa tisa, nadhani," alisema karani.

"Watachelewa tu."

"Hawachelewi, bosi."

Nahodha alimpa karani mkono wa kupandia gatini, na mikono yao ikakawia kuachana mpaka meneja akakohoa. Dakika ya kumi na tisa karani alikuwa hatua thelathini kutoka kwenye boti, viatu mkononi. Angekimbia angewahi. Alisimama.

"Karani!" meneja aliita. "Hii itakuwa ya tatu!"

"Najua, bosi!"

Meneja alimwonea huruma, tena huruma ya kweli, kwa sekunde nne hivi. Halafu akaona zinatosha. Boti ilipoondoka karani alipunga mkono, na nahodha akainua wake kumjibu.

"Usimpe moyo," meneja alimwonya.

"Sawa, bosi."

Kisiwa cha nne kilikuwa mwamba mtupu wenye mnara wa taa. Meneja alishuka peke yake, akajipiga picha tano, akaanza kuzitunga zile barua kichwani. Ya karani ilimtoka vizuri kuliko zote. Alipofika kwenye "kwa masikitiko makubwa" nusura atokwe na machozi. Akarudi gatini dakika ya kumi na sita, kwani kiongozi lazima awe mfano.

Boti ilikuwa imeshaondoka.

"Wewe! Bado dakika nne!" alipiga kelele akiinyoosha saa yake juu. "Nne nzima!"

"Najua, bosi! Kiboti cha buluu kitakupitia jioni!" nahodha alijibu huku akifungua vifungo vya koti la mvua. Akalivua, akalitupa pembeni. Ndani alikuwa na suti nyeupe, tai, na ua kifuani. "Uniwie radhi! Bibi harusi ana barua tatu za onyo za kuchelewa. Na mimi nikichelewa, itakuwa ndoa gani hiyo?"